Pistoni ya kusubu mwenyewe: vitundu vimekwisha

Hatimaye pistoni, kile kipande cha alumini kinachopanda na kushuka ndani ya silinda ya injini, imetoka safi. Fundi wa kukereza pale Nyakato aliikata katikati ile ya majaribio, nami nikaikagua kwa kioo cha kukuzia bila kuona kitundu hata kimoja chini ya kichwa, mahali ambapo zote zilizotangulia zilikuwa zimeoza kwa matundu. Furaha niliyo nayo siwezi kuificha.

Injini ni ileile ya pikipiki ya aina ya CG 125 inayobeba abiria Mwanza nzima, yenye kipenyo cha silinda cha milimita 56.5. Pistoni za dukani ni za bei nafuu, lakini mimi nataka yenye kichwa kilichoinuka ili mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda uongezeke, kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na pikipiki inayokimbia vizuri Dar es Salaam hufika huku ikiwa imepungukiwa na pumzi.

Adui alikuwa unyevu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, na ikiwa katika hali ya uji hunywa haidrojeni kutoka kwenye maji yoyote yaliyo karibu. Inapoganda huitema, na gesi isiyowahi kutoka hubaki ndani ikiwa vitundu. Karakana yangu iko Kirumba, ambako upepo wa ziwa huingia mlangoni tangu alfajiri, mkaa hulala na umande, na mchanga wa kalibu, yaani umbo la kumiminia, haushikamani bila kutiwa maji. Nilibadilisha vyuma chakavu, nikabadilisha mivukuto, nikabadilisha hata saa za kuwasha tanuri, na vitundu vikabaki palepale, jambo lililonikera hadi likaninyima usingizi.

Kilichomaliza ubishi ni kuachana kabisa na mchanga. Nilichongesha kalibu ya chuma ya vipande viwili, nikaipasha moto vizuri kabla ya kumimina. Mkaa niliuanika juani, na kila kifaa kinachogusa uji, hadi kijiko cha kuengulia taka, nilikikausha juu ya tanuri. Niliyeyusha haraka na kumimina mara uji ulipokuwa tayari, kwa kuwa kadiri unavyozidi kupata moto ndivyo unavyozidi kunywa gesi. Juu ya kalibu niliacha shingo nene inayochelewa kuganda, ili uji wake uijazie pistoni inaposinyaa. Malighafi ni pistoni kuukuu za malori pekee, zenye silikoni ya kutosha. Alumini ya masufuria ni laini, tena hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda, na pistoni ya namna hiyo itakwama tu ikipata moto.

Katika kupima, naiamini maikromita, kipimo cha unene cha kuzungusha kwa vidole, kuliko vania ya betri, kipimo cha taya za kuteleza, ambayo namba zake hubadilika ukiibana kwa nguvu kidogo zaidi. Kazi hii ni ya sehemu za mia za milimita, na mkono lazima uhisi.

Burt Munro, mkimbiza pikipiki wa Invercargill, New Zealand, alijisubia pistoni zake mwenyewe, na mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliikimbiza pikipiki yake ya Indian Scout ya mwaka 1920 kwa zaidi ya kilomita 295 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani. Rekodi yake ya kwanza pale aliiweka mwaka 1962 akiwa na miaka 63, ambao ndio umri wangu leo. Ninachokitafuta mimi tangu ujana ni kilomita 140 kwa saa kwa injini hii ndogo niliyoijenga kwa mikono yangu.

Hatua iliyopangwa kufuata ni kurekebisha kabureta, lakini nimeiweka kando. Nguvu inayohitajika kuushinda upepo huongezeka mara nane kila mwendo unapoongezeka mara mbili, na Munro naye aliifunika pikipiki yake kwa ganda refu. Hapa ufukweni wapo mafundi wanaotengeneza boti za faiba, na mmoja wao amekubali kunitengenezea ganda iwapo nitampelekea umbo la mbao. Mbao zimeshanunuliwa, na kesho naanza kuzipiga randa.