Mafunjo hayapandwi kwa shungi

Ushauri ulionipotezea msimu mzima ulikuwa huu: kata shungi la mafunjo, ligeuze kichwa chini kwenye ndoo ya maji, litatoa mizizi. Niligeuza mashungi ishirini. Wiki ya tatu zile nywele zake za kijani zilikuwa ute mweusi unaonuka kama yai viza. Njia hiyo inamfaa ndugu yake mfupi wa bustanini, yule mwenye majani ya mwavuli. Mafunjo yenyewe, yale ya mita nne hadi tano yanayozunguka Ziwa Victoria na kufika hadi Okavango kule Botswana na hadi Madagaska, yanataka shina la chini, lile linalotambaa kwenye tope likiwa nene kama kifundo cha mkono.

Nilikata vipande vya sentimita 30, kila kimoja na ncha hai na mabua mawili au matatu. Mabua yapunguze urefu, ila yabaki juu ya maji. Hapo ndipo fungu langu la kwanza lilipooza: niliyakata mafupi mno, mvua ikapandisha maji, yakafunikwa. Lipasue bua la pembe tatu uone ule moyo mweupe wenye matundu kama sifongo. Hewa inashukia humo hadi kwenye shina lililo topeni. Ukiziba njia hiyo, umelizamisha.

Kina cha kuanzia ni sentimita tano hadi kumi tu, pembeni kabisa. Ncha ielekee majini, maana mmea hufuata ncha yake. Utajisogeza wenyewe kwenye kina. Kipande ni chepesi, huelea na kwenda zake. Mimi nilikibana kwa vigingi viwili vilivyopishana juu yake kama mkasi, bila kukifukia chote. Tangu hapo sikupoteza hata kimoja. Nafasi iwe kama mita moja.

Sasa kijito kinachopita kwenye mafunjo hayo kinaacha udongo wake kwenye mizizi kabla ya kufika ziwani, na mbolea inayosombwa kutoka mashambani inanyonywa na mafunjo badala ya kulisha magugu maji. Samaki aina ya kamongo wamerudi chini yake.

Wa kusuka mikeka wakija, nawapa ukanda mmoja, nao wanakata juu ya maji. Ukanda uliokatwa unapumzika mwaka mzima. Ukikatwa tena kabla ya miezi sita, mabua mapya hutoka membamba kama kalamu.