Maziwa hayatoi vumbi kwenye mapafu jamani

Ukikaa na wanaapolo, wachimbaji wadogo wa tanzanite wa Mererani, hawakosi wa kukwambia ukitoka shimoni piga nusu lita ya maziwa, vumbi lote linashuka. Sawa, maziwa ni lishe, ila yanaenda tumboni na vumbi liko kwenye mapafu, njia mbili tofauti kabisa.

Ishu ni silika, aina ya madini, imo kwenye miamba mingi migumu na hata mchanga wa kawaida. Ukichoronga (kutoboa) mwamba mkavu au ukilipua baruti inasagika, na inayoua si ile unayoiona imeganda kwenye nyusi, hiyo kubwa inanaswa puani na kooni unaitema na kohozi basi. Kasheshe ni punje za chini ya mikroni 5 hivi, wakati unywele una kama mikroni 70, huzioni na zinateremka mpaka vifuko vya mwisho vya hewa.

Huko kuna seli zinaitwa makrofaji, kazi yao kuzoa uchafu. Zinaimeza silika kama zinavyomeza bakteria, alafu haziwezi kuiyeyusha, yaani ni kama mtu kameza wembe, kile kifuko cha kumeng'enyea ndani ya seli kinachanika, vimeng'enya vinamwagika, na hapo ndo protini zinazoitwa NLRP3 zinaamka na kusababisha interleukini-1 beta itolewe, ambayo inawasha uvimbe. Hili lilionyeshwa maabara mwaka 2008. Seli ikifa inaiachia silika vilevile ilivyo, nyingine inakuja inaimeza, mchezo unaanza upya.

Na seli zinazotandika njia ya hewa watu wanazichukulia kama ukuta tu, kumbe nazo zikiguswa na silika zinatoa interleukini-6 na 8, na hiyo 8 inaita neutrofili, seli nyeupe zinazofika na sumu za kuulia vijidudu wakati vijidudu vyenyewe hamna, sumu inaishia kuunguza mapafu. Vumbi lililopasuliwa muda huohuo ndo kali zaidi, kwa hiyo mchorongaji anapata dozi mbaya kuliko anayefagia vumbi la zamani.

Ndo maana mtu anaacha mgodi anarudi kijijini kulima na kifua bado kinabana. Punje zimo, uvimbe unaendelea, makovu yanajengeka, hiyo ndo silikosisi na dawa ya kuiponya hamna. Tena makrofaji hizohizo ndo zinazopambana na TB, zikidhoofika TB inaingia kirahisi, na kwenye eksirei haya magonjwa mawili yanaweza kufanana, kwa hiyo ukienda hospitali mwambie daktari ulishachimba, hata kama ni zamani, asipouliza we sema.

Kitambaa cha puani hakizuii punje hizi. Kinachosaidia ni kuchoronga kwa maji, vumbi lilowe palepale linapotoka, lakini Simanjiro, wilaya ilipo Mererani, kukavu, maji hela, na wenye migodi wengi gharama hiyo wanaikwepa. Mashine ya milioni kadhaa wananunua, pipa la maji wanaona hasara.