Daktari wa utumbo naye apimwe: kazi halisi ya chama cha mabingwa wa mfumo wa chakula

Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula watu hukitambua kwa mkutano wake wa mwaka: kumbi kubwa, mabegi yenye nembo, vyeti. Hayo yapo, na mengine ni mbwembwe tu. Kazi inayomfikia mgonjwa hufanywa na kamati ndogo zinazokubaliana kazi nzuri ni ipi, kisha zinatafuta namna ya kuipima.

Tuweke mipaka kwanza. Chama hakitoi leseni wala hakimfuti daktari kwenye daftari la usajili. Hiyo ni kazi ya baraza la madaktari. Pia hakidai mishahara. American Gastroenterological Association imekuwepo tangu 1897 na British Society of Gastroenterology tangu 1937, na muda wote huo silaha yao kubwa imekuwa ushahidi, pamoja na aibu anayoipata mtaalamu akijikuta nyuma ya wenzake.

Aibu hiyo ina manufaa, na kolonoskopi inaonyesha kwa nini. Kamera hupitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, halafu daktari huirudisha polepole akikagua kuta. Ripoti ya "hakuna kilichoonekana" iliyoandikwa na daktari makini haina tofauti na ya daktari aliyekuwa na haraka. Ukiwa na ripoti moja mkononi huwezi kujua. Ukihesabu mamia, unajua.

Kwa hiyo vyama vikaweka hesabu. Iliyo muhimu kuliko zote: kati ya watu 100 waliokuja kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana kabla ya dalili, daktari huyu amewakuta wangapi na adenoma, yaani vinyama vinavyoweza kugeuka saratani? Mwaka 2015 vyama viwili vya Marekani, ACG (American College of Gastroenterology) na ASGE (American Society for Gastrointestinal Endoscopy), vilitaka wasipungue 25 kwa walio na miaka 50 na zaidi. Mwaka 2024 vikapandisha hadi 35, kuanzia umri wa miaka 45. Tarakimu hizi hazikuokotwa hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba kila asilimia moja inapoongezeka kwenye kipimo cha daktari, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baadaye hupungua kwa takriban asilimia 3. Muda wa kuirudisha kamera nao ulikuwa dakika 6 kwa uchache, sasa ni 8, kwa uchunguzi ambao hakuna kilichokatwa.

Kipimo chochote huzaa ujanja. Hesabu ya adenoma humtazama mgonjwa, haitazami idadi ya vinyama, kwa hiyo daktari akishapata kimoja ameshapata alama yake na anaweza kulegea. Dakika 8 pia zinaweza kupita kamera ikiwa imetulia mahali pamoja, bila kufunua nyuma ya mikunjo. Ndiyo maana wengine huhesabu pia wastani wa adenoma kwa kila uchunguzi. Binafsi naona hicho ni kipimo cha haki zaidi, ingawa kina kazi kubwa ya kutunza kumbukumbu.

Utumbo mchafu huvuruga hesabu zote. Hapa hutumika kipimo cha Boston: sehemu tatu za utumbo mpana, kila moja hupewa alama 0 hadi 3, na sehemu yoyote ikipata chini ya 2 maandalizi hayatoshi. Kosa la kawaida ni kumwambia mgonjwa anywe dawa yote ya kusafisha jioni. Usiku kucha utumbo mwembamba huendelea kumwaga majimaji na nyongo, na asubuhi upande wa kulia wa utumbo mpana umeshapakwa ute. Upande huohuo ndio wenye vinyama bapa vilivyo vigumu kuonekana. Miongozo inasema gawa dozi: nusu jioni, nusu nyingine ianze saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo na iishe angalau saa 2 kabla.

Miongozo hiyo haiandikwi kwa kuulizana maoni mezani, au haipaswi. Kamati huanza na swali lililobanwa: mgonjwa wa aina gani, tiba ipi, ikilinganishwa na ipi, matokeo gani. Tafiti huchujwa na watu wawili wasioangaliziana. Ushahidi hupewa daraja la juu, wastani, chini au chini sana, kisha pendekezo huwa la nguvu au la masharti. Madaktari wengi husoma pendekezo la masharti kana kwamba ni amri, na hapo mgonjwa hukosa nafasi ya kuulizwa anachotaka. Anzia ukurasa wa mgongano wa maslahi: nani analipwa na kampuni gani, na je, alitolewa nje wakati wa kura?

Mwongozo pia huchakaa. Kwa bakteria wa tumboni wanaoitwa Helicobacter pylori, mseto wa dawa tatu wenye klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, ulitawala kwa miaka mingi hadi usugu ukaenea. ACG mwaka 2024 imetanguliza mseto wa dawa nne wenye bismuthi kwa siku 14, na haitaki klarithromaisini itumike bila kujua kama bakteria wanaisikia. Dozi ikiisha, husubiriwa wiki 4 au zaidi ndipo hufanywa kipimo cha pumzi au cha choo, na omeprazoli na jamii yake, yaani dawa za kupunguza asidi tumboni, husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, vinginevyo jibu laweza kuwa hasi la uongo. Kipimo cha damu hakifai hapa, maana kingamwili hubaki hata bakteria wakiisha.

Eneo ambalo vyama vilichelewa ni usafi wa vifaa. Kamera hufutwa na kusuuzwa papo hapo kitandani, hupimwa kama inavuja, husuguliwa kwa brashi ndani ya mirija, huzamishwa kwenye dawa kali ya kuua vijidudu, husuuzwa, hukaushwa kwa hewa, ndipo hutundikwa. Hatua ya kukausha ndiyo hurukwa foleni ikirefuka, na mrija wenye unyevu ni makazi ya bakteria wa Pseudomonas. Kamera ya njia ya nyongo ni mbaya zaidi: ina kijiwiko kidogo nchani chenye mianya ambayo brashi haifiki vizuri, na bakteria sugu wamewahi kusambaa hivyo kati ya wagonjwa hata pale maelekezo yalipofuatwa. Kazi hiyo hufanywa na wauguzi na mafundi, si mabingwa, kwa hiyo kamati inayoandika mwongozo wa usafi bila wao mezani itaandika hatua zisizotekelezeka saa kumi jioni, wagonjwa watano wakiwa bado wanasubiri.