Waajemi jukwaani: projekta moja, kioo cha kabati na marekani mita sita

Wiki ya 1

Sasa tumeanza rasmi. Kikundi chetu cha sanaa hapa chuoni tunaandaa Waajemi, tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 472 K.K., ndo tanzia ya Kigiriki ya zamani kuliko zote zilizotufikia nzima, na mimi nimepewa upande wa picha na sauti, yaani projekta, spika, kamera, kila chenye waya ni changu. Naandika hatua kwa hatua maana nikikosea leo nataka kesho nikumbuke nilikosea wapi, na najua kuna wenzangu wanatamani kufanya kitu kama hiki ila hawajui pa kuanzia.

Kwa ambaye hajaisoma: mambo yote yanatokea Susa, mji wa mfalme wa Waajemi. Ukisoma kitabu cha Esta ni Shushani ileile, na Xerxes ndo wengi wanasema ni yule Ahasuero. Xerxes kaenda na jeshi kubwa kuipiga Ugiriki, nyumbani wamebaki wazee na mama yake, Atossa, wanasubiri habari. Anafika tarishi, anasema tumekwisha, meli zimeangamia Salamis, kisiwa karibu na Athene. Vita yenyewe huioni hata kidogo, ni kusubiri, kuambiwa na kulia mwanzo mpaka mwisho. Na kinachonishika mimi ni kwamba aliyeandika ni Mgiriki, alipigana na Waajemi kule Marathon mwaka 490 K.K. na kaka yake akafia hukohuko, halafu akakaa akaandika kilio cha mama wa adui, akawaonyesha Waathene wenzake miaka 8 tu baada ya Salamis. Na wakampa ushindi.

Tumekubaliana hatuihamishii kwetu. Inabaki Susa, majina yanabaki yaleyale, lugha ndo Kiswahili. Tafsiri tumejifanyia wenyewe kutoka kwenye Kiingereza, mistari mingine tumebishana juu yake mpaka saa nne usiku.

Vifaa: projekta moja ya kuazima, laptopu yangu yenye OBS (programu ya kurekodi na kurusha vidio, ya bure, inatosha kabisa), spika mbili, simu mbili, na kitambaa cha marekani mita sita tulichoshona vipande viwili pamoja. Marekani ile ya kawaida isiyopaushwa, nimejaribu na shuka jeupe na pazia, marekani imeshinda, inapitisha mwanga na bado picha inakaa.

Wiki ya 2

Tatizo la nafasi. Projekta ikikaa mbele kwa watazamaji, kila mwigizaji akisogea kichwa chake kinatokea kwenye picha, kwa hiyo lazima imulike kutoka nyuma ya kitambaa. Ila nyuma ya jukwaa letu kuna mita 2.8 basi, ukuta. Projekta hii ukitaka picha ya upana wa mita 1 lazima ikae mbali mita 1.5, piga hesabu, napata picha ya mita 1.9 hivi, ambayo kwenye ukumbi ule ni kama kalenda ukutani.

Nilichofanya, nimeweka projekta pembeni kabisa, mita 1 kutoka kwenye kioo cha mlango wa kabati nilichokilaza kwa upande, na kioo ndo kinarusha picha kwenda kwenye kitambaa. Safari ya mwanga imekuwa mita 3.8 na picha imefika mita 2.5. Faida nyingine sikuitegemea: kumulika kutoka nyuma kunageuza picha kushoto kulia, kioo nacho kinaigeuza, zinafutana, wala sijagusa menyu. Nimehangaika nusu saa naigeuza kwenye setingi bila kujua tayari imekaa sawa.

Hasara: kioo cha kawaida rangi yake ya fedha iko mgongoni, kwa hiyo uso wa mbele nao unarudisha picha kidogo, unaona pacha hafifu pembeni ya kila kitu. Maandishi hayasomeki vizuri kabisa. Nikafuta mpango wote wa maandishi.

Lakini Darius amependeza! Darius ni baba yake Xerxes, marehemu, wanamwita kaburini kwa maziwa, asali, maji, divai na mafuta ya zeituni, na anatoka. Tulimrekodi mwenzetu akiwa amekaa mbele ya ukuta mweusi, na ule upacha wa kioo unamfanya kila akigeuza shingo kama kuna mwingine anageuka nyuma yake. Sijaongeza efekti yoyote. Kazi ngumu ni maongezi, maana Atossa yuko hai na Darius ni vidio, dada anayemwigiza akivuta pumzi kidogo tu Darius anamkata. Nimeikata vidio vipande 14, na katikati yake kuna kipande kinachojirudia ambapo anapumua tu na kutazama, namwacha apumue mpaka dada amalize ndo nabonyeza. Inabidi nami niujue mchezo kwa moyo kama mwigizaji. Sauti yake nilikuwa naipitisha kwenye spika ya bluututhi, mdomo unamaliza sauti ndo inakuja, nimerudi kwenye waya.

Wiki ya 4

Hii ndo wiki iliyoniuma, ila ndo iliyonifundisha.

Toka mwanzo nilikuwa na hoja moja kichwani. Waathene wa mwaka 472 walikuwepo Salamis, wengi wao walikuwa wanapiga makasia. Tarishi akisema meli ziligongana, wao wanaiona. Watazamaji wetu hawajaona kitu, kwa hiyo mimi niwape. Nikakesha siku tisa natengeneza vidio ya vita, meli nimezichora moja moja, mawimbi, moshi, mpaka hesabu za tarishi nimezifuata, Wagiriki 310, Waajemi 1,000 na nyingine za mbio 207. Ilikuwa nzuri. Nasema bila kuficha, ilikuwa nzuri.

Tukaicheza kwenye mazoezi Jumatano mbele ya watu kama ishirini. Tarishi wetu anaongea, watu wote wametazama juu. Hakuna hata mmoja anayemwangalia. Alivyomaliza nikauliza, jamani mmesikia nini? Wananiambia meli zinawaka. Hakuna meli inayowaka kwenye maneno ya tarishi, moshi ni wangu!

Sasa kuna mstari mmoja pale, Waajemi wako majini, meli zimepinduka, na Wagiriki wanawapiga kwa vipande vya makasia kama watu wanaoua jodari. Kwenye tafsiri mwenzetu alikuwa ameandika "samaki", mimi nikakataa, nimekulia pwani, jodari si samaki tu. Jodari akipandishwa chomboni anakuwa mzito kama mtoto wa miaka kumi, anapiga mkia mbao zinalia, na mtu anamgonga kichwani kwa rungu, mara ya kwanza, ya pili, jicho bado linakutazama. Nimeona hiyo kitu nikiwa mdogo, nikashindwa kula siku ile. Aeschylus kaweka jodari kwa sababu alijua wavuvi wamekaa pale wanasikiliza. Na mimi nimeweka vidio juu yake, hakuna aliyesikia jodari.

Alhamisi nikazima. Kitambaa kikabaki giza, tarishi na taa moja. Aliposema jodari, kijana mmoja kiti cha mbele akashika shingo yake mwenyewe. Basi, vidio ya siku tisa nimeitoa. Mwongozaji alinionea huruma, akasema tuiweke hata mwanzoni kabla mchezo haujaanza, nimekataa, kama haina kazi haina kazi.

Wiki ya 5

Nikabaki najiuliza kitambaa kifanye nini sehemu ile. Jibu limetoka kwa Atossa. Tarishi anapoingia, wazee wanapiga kelele, wanalia, wanajibizana naye, na Atossa kasimama hapohapo hasemi neno. Muda mrefu. Aeschylus alijulikana kwa watu wake wanaonyamaza, mpaka Aristophanes, mwandishi wa vichekesho wa Athene, akaja kumtania kwa hilo baadaye. Waigizaji wa zamani walivaa vinyago, watazamaji maelfu wako mbali kilimani, uso haupo. Sisi uso tunao!

Kwa hiyo nimeweka simu kwenye stendi chini mbele ya jukwaa, imefichwa nyuma ya chungu cha sadaka, inamtazama Atossa tu, na picha inaenda moja kwa moja kwenye kitambaa kwa waifai. Wazee wanalia chini, juu yao uso wa mama wa mita 2.5 umenyamaza. Picha inachelewa karibu nusu sekunde, na kwa mtu anayeongea hiyo ingeharibu kila kitu, ila yeye haongei, hakuna mdomo wa kufuatisha. Akimeza mate unayaona yanashuka. Ule upacha wa kioo nao upo, sikuutaka kwenye sura yake, nimeupunguza kwa kushusha mwanga.

Mara tu anapofungua mdomo picha inakatika. Hiyo ni sheria niliyojiwekea, sauti ni ya mtu aliye hai jukwaani, kitambaa hakina haki nayo.

Jana jioni mama wa kantini alikuja kuchukua sahani zake, tukamwamkia, akasimama mlangoni na beseni kiunoni. Hajui hadithi, hakukuta mwanzo. Tarishi anataja maafa, wazee wanalia, yeye anautazama ule uso. Halafu nikamsikia kwa sauti ya chini kabisa, "Jamani, na mwanawe je?"

Atossa kwenye mchezo hawezi kuuliza hivyo wazi, anazunguka, anauliza, "Nani hajafa?" Na tarishi anamwelewa, anamjibu, Xerxes mwenyewe yu hai, anaona mwanga. Mama akalishusha beseni chini, akakaa kwenye ngazi mpaka mwisho.

Yaliyobaki: kufunika pembeni mwa kioo kwa kitambaa cheusi maana kuna mwanga unavuja hadi dari, kutafuta waya mwingine wa sauti, na Xerxes. Anaingia mwishoni nguo zimechanika, podo lake la mishale halina kitu. Mwongozaji anataka kivuli chake kikubwa kwenye kitambaa, mimi nataka kitambaa kidondoke chini kabla hajaingia ili watu waone projekta, kioo, waya, ukuta, na yeye. Tunajaribu vyote viwili Jumamosi.