Kutafuta maandishi yako ya Kiswahili usiambulie patupu

Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni, na hapo ndipo visanduku vingi vya kutafutia hushindwa. Unaandika "mkulima", faili lenye "wakulima" halitokei, unaishia kuamini kwamba ulilifuta.

Kwanza pima programu yako. Tengeneza faili lenye neno moja tu, "wakulima", kisha tafuta "kulima". Likitokea, programu inalinganisha herufi popote zilipo ndani ya neno. Lisipotokea, inataka neno zima. Gmail iko kundi hili la pili, kwa hiyo humo taja maumbo yote: mkulima OR wakulima OR kilimo. Hilo OR liwe kwa herufi kubwa.

Programu ikikubali sehemu ya neno, nomino ni rahisi: ondoa kiambishi, tafuta kinachobaki. "Alimu" huleta mwalimu, walimu na hata ualimu. Jino na meno hayana mzizi wa kutosha kushikana, hayo yatafute yote mawili.

Kazi iko kwenye vitenzi. Tuseme unataka kila ulipoandika habari ya kulipa. Ukitafuta "lip" utaletewa alipokuja, nilipofika na walipoondoka. Ukiongeza herufi, "lipa", bado watakuja tulipata, walipanda na nilipanga, kwa sababu "li" ya wakati uliopita ikikutana na kitenzi kinachoanza na "pa" huzaa herufi zilezile. Suluhisho ni kudai neno liishie hapo:

lip(a|wa|ia)\b|malipo

Alama \b ni mpaka wa neno, na | ni "au". Kanuni hii ya kutafutia (kwa Kiingereza regular expression) inanasa nililipa, sijalipa, watalipwa, kulipia na malipo, na kuwaacha tulipata na wenzake. Inanasa pia "nmelipa" ya haraka haraka, kwa kuwa mkato uko mbele. "Halipi" itaponyoka. Ukiongeza i kwenye mabano utaipata, ila utapata na kila "neno lipi".

Katika Obsidian, programu ya kuandikia madokezo, zungushia kanuni mikwaju: /lip(a|wa|ia)\b|malipo/. Katika Notepad++, programu ya kuhariri maandishi, fungua Find in Files na uchague Regular expression. Kwenye Linux andika amri hii kwenye dirisha la amri, "maandishi/" ikiwa folda yako:

grep -rniE 'lip(a|wa|ia)\b|malipo' maandishi/

Hapo r huingia folda zote za ndani, n hutoa namba ya mstari, i haijali herufi kubwa wala ndogo, na E huruhusu mabano na | bila mikwaju ya nyuma (\) ya ziada.

Haya yote yanadai mafaili ya maandishi matupu, .txt au .md. Kama maandishi yamefungiwa ndani ya programu isiyojua kanuni hizi, unabaki na lebo, yaani neno lenye # unaloliandika ndani ya maandishi ili uyapate baadaye. Lebo ichague kwa umbo moja usilolibadilisha: #malipo siku zote, kamwe si #kulipa leo na #lipa kesho. Obsidian haikubali nafasi ndani ya lebo, lakini inakubali ngazi: #nyumba/kodi, #nyumba/umeme. Ukitafuta tag:#nyumba zinakuja zote. Lebo kumi zinazotumika zinatosha. Watu huunda hamsini kisha wanasahau waliziitaje.

Picha za risiti hazitafutiki mpaka zisomwe. Tesseract, programu inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha, ina data ya Kiswahili, na kwa kuwa risiti zetu huchanganya Kiswahili na Kiingereza, ipe zote mbili:

tesseract 2025-03-09-risiti-maji.jpg 2025-03-09-risiti-maji -l swa+eng

Inatoa faili la .txt lenye jina lilelile. Tarehe ianze na mwaka, mafaili yatajipanga yenyewe. Picha iwe na mwanga sawa na karatasi ilale bapa; mkunjo mmoja hukata mstari mzima. Makosa mengi huwa kwenye tarakimu, 8 kusomwa 3 au sifuri kuwa herufi O, kwa hiyo kiasi na namba ya risiti viandike mwenyewe juu ya faili, na picha usiifute.