Shelfu za Kuhamisha, Duka la Chumbageni

Duka lile la Chumbageni, Tanga, lilikuwa na shelfu za mbao zilizopigiliwa misumari ukutani. Kutoka shelfu moja hadi nyingine ilikuwa sentimita 30, chini mpaka juu, bila kujali kinachowekwa. Sabuni za miche zilikaa chini ya hewa tupu, na galoni za mafuta za lita 5 zikarundikwa sakafuni. Mwenye duka alikuja karakana na boksi la bidhaa zake mwenyewe: chupa ya mafuta ya lita moja, pakiti ya unga, majani ya chai, sabuni, dawa ya mbu.

"Fundi, sitaki nikuite kila kampuni inapobadilisha chupa," alisema.

Maneno hayo yaliamua karibu kila kitu. Tungeweza kutumia vile vyuma vya pembe vyenye matundu vinavyofungwa kwa bolti. Ni imara, na kwa stoo navipenda sana. Ila kuhamisha shelfu moja maana yake ni kufungua kona nne, kila kona na bolti zake, na spana mbili mkononi. Duka likiwa na wateja hakuna anayefanya hivyo. Shelfu ikishahitaji spana, itabaki pale pale fundi alipoiacha.

Tulipanga vitu vya lile boksi sakafuni na kuvichorea mistari ya chaki. Chupa ya lita moja ilikuwa na kimo cha sentimita 27. Juu yake mkono unahitaji kama sentimita 5, la sivyo chupa ya nyuma haitoki bila kuangusha ya mbele. Kwa hiyo nafasi ni kimo cha bidhaa na sentimita 5. Matundu ya nguzo, ambamo mikono ya kubeba shelfu huingizwa, tukayaweka kila mm 50. Kila mm 25 ingekuwa bora kwa kupanga, lakini kwa tundu la mm 12 chuma kinachobaki kati ya tundu na tundu ni mm 13 tu, na kazi ya kutoboa inakuwa maradufu.

Nguzo zilikuwa skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, ya mm 40 kwa 40, unene mm 2, urefu mita 2. Tundu la kwanza mm 200 kutoka chini, la mwisho mm 1,900: matundu 35 kwa kila nguzo. Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika. Ukipima kila tundu kutoka lile lililotangulia, kosa la nusu milimita linajikusanya, na ukifika juu umepotea zaidi ya sentimita moja na nusu. Nguzo ya pili nayo inapotea kivyake, na shelfu inalala upande. Tulipima yote kutoka ncha moja, ya chini, tukatoboa flati ba (chuma bapa) iwe kipimo, kisha tukaibana juu ya nguzo mbilimbili kwenye jiriwa. Biti ya mm 4 kwanza, halafu ya mm 12. Kila nguzo ikapigwa alama ya rangi chini, maana ikigeuzwa tu juu chini, tundu la kwanza linakuwa mm 100 kutoka chini badala ya 200, na kosa dogo la urefu wa paipu linatosha matundu yasilingane na ya mwenzake.

Mkono wa kubeba shelfu una bamba la mgongo lenye pini mbili za nondo laini ya mm 8. Ya juu imekunjwa kuwa ndoano inayoangalia juu, ya chini imenyooka. Unainua mkono, unaingiza ndoano, unashusha. Uzito wenyewe unaubana. Kijana wa karakana aliuliza kwa nini pini zisikae mm 50 tu, bamba liwe fupi. Tulihesabu pamoja. Shelfu ya upana wa mm 900 na kina cha mm 300 inabeba chupa 33 za mafuta, karibu kilo 30, yaani kilo 15 kwa kila mkono, na kitovu cha mzigo kiko mm 150 kutoka kwenye nguzo. Pini zikiachana mm 50, ndoano inavutwa kwa nguvu ya kilo 45. Zikiachana mm 100, ni kama 22. Tukaziweka mm 100.

Shelfu zenyewe tulikata kwenye shiti ya bati ya geji 18 (unene mm 1.2), futi 8 kwa 4. Bati bapa hulegea katikati. Linalolipa nguvu ni kingo zilizokunjwa mm 30 kwenda chini. Kila shelfu ikahitaji kipande cha mm 960 kwa 360, na shiti moja ikatoa sita. Pembeni kulibaki ukanda wa mm 260, ambao wengi huuza chakavu. Ukiupasua katikati unapata mm 130: kimo cha mm 100 na mguu wa mm 30, navyo ndivyo vigawanyo vya kutenganisha bidhaa kwenye shelfu, 16 kwa kila shiti, kila kimoja kina cha mm 290. Chini ya mguu tulichomelea vijipini viwili vinavyodumbukia kwenye matundu ya shelfu, ya mbele na ya nyuma, yaliyotobolewa kila mm 25. Mguu huo una unene wa mm 1.2 tu, lakini chupa ndefu ikiukanyaga nusu, safu nzima inaonekana imeinama. Mguu unageuziwa upande wa bidhaa fupi.

Rangi ilipakwa baada ya kutoboa: redi oksaidi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Kwa hewa ya bahari ya Tanga, kutu huanzia kwenye midomo ya matundu.

Kigawanyo hakizuii harufu, na hili nilimsisitizia mama mwenye duka kuliko vipimo vyote. Unga na majani ya chai hunyonya harufu ya sabuni, kwa hiyo vilipewa nguzo zao ukuta wa pili. Dawa ya mbu na vitu vya kufulia vya maji vilikaa chini, wala si juu ya chakula. Kifuniko kikivuja, kinavujia sakafuni.

Siku ya kufunga, pima maji ilionyesha sakafu inateremka kuelekea mlangoni, kama maduka mengi yanayodekiwa kwa ndoo. Kila nguzo ilikuwa na bolti ya spana namba 19 chini, tukazungusha mpaka zikalingana, ndipo tukazibana ukutani. Mama alihamisha shelfu ya kwanza mwenyewe, yeye upande huu na kijana wake upande wa pili, baada ya kutoa chupa tu. Shelfu ya juu kabisa ni nyepesi, na ukiisukuma kwa chini na mpini wa fagio ndoano zinatoka. Hiyo tuliifunga kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko miwili kila nguzo, tukamwachia waya wa akiba na koleo.