Siku moja maishani mwangu: kulinda modemu za chini ya bahari

Saa 12 asubuhi. Modemu, vifaa vinavyotumiana ujumbe kwa sauti majini, huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, pete za mpira hupakwa grisi, betri hupimwa volti. Chembe moja ya mchanga ikibaki kwenye pete, maji yataingia na siri zako zote zitazama na kifaa.

Saa 1. Funguo. Wengi hudhani kazi hii ni kubuni siri za kijasusi, kumbe usimbaji wenyewe, AES, ni uleule ulio kwenye simu yako. Kigumu ni bahari. Redio hufa ndani ya mita chache za maji ya chumvi, kwa hiyo kinachofika mbali ni sauti, takriban mita 1,500 kwa sekunde. Modemu zilizoachana kilomita 3 husubiri sekunde 4 kwa salamu na jibu lake. Kupeana funguo kwa nenda-rudi kadhaa kama tovuti zifanyavyo ni kumaliza betri bure. Funguo huingizwa mezani kwa waya, kila jozi na wake. Ukitumia ufunguo mmoja kwa mtandao mzima, atakayeokota kifaa kimoja amevipata vyote.

Saa 3. Kaunta, yaani hesabu ya pakiti (vipande vya ujumbe) zilizotumwa, na hapa ndipo asubuhi inapoishia. JANUS, kiwango cha NATO cha mwaka 2017 cha mawasiliano ya chini ya maji, katika hali yake ya msingi hupitisha biti 80 hivi kwa sekunde. Pakiti yake ya msingi ni biti 64, na 8 kati ya hizo ni za kukagua makosa. Ukaguzi huo hukamata kelele, haumkamati mwongo, maana fomula yake iko wazi kwa kila mtu. Sasa chukua AES-GCM, namna ya kutumia AES inayoficha ujumbe na kuupiga muhuri wa kuthibitisha mtumaji, kama ilivyozoeleka: namba ya kutumika mara moja baiti 12, muhuri baiti 16. Jumla biti 224, karibu sekunde 3 na hujasema lolote. Kwa hiyo namba ile haitumwi nzima. Pande zote mbili huitunga kutokana na utambulisho wa kifaa na kaunta, na majini hupita baiti ya mwisho tu ya kaunta. Muhuri nao hufupishwa kwa CCM, namna nyingine ya kutumia AES: baiti 4 kwa vipimo vya joto, 8 kwa amri.

Kinachoharibu ni betri kubadilishwa na kaunta kurudi sifuri. Namba ileile ikitumika tena na ufunguo uleule, msikilizaji hulinganisha pakiti mbili na kuanza kusoma. Dawa ni kuandika kaunta kwenye kumbukumbu ya kudumu kila hatua 1,000, na kifaa kikiwaka kiruke 1,000 mbele. Pakiti ya kwanza baada ya kuwaka ibebe kaunta nzima, la sivyo mpokeaji atapotea.

Saa 5 anafika mwenye mtandao, na swali ni lilelile: “Nani atasikiliza huko chini? Ondoeni mihuri, betri idumu.” Haya, tunaanza upya. Anayetaka kusikiliza anahitaji haidrofoni (maikrofoni ya majini) na kinasa sauti, basi. Amri ya kuachia nanga ikinaswa leo, inaweza kupigwa tena miezi sita baadaye bila kuvunja siri yoyote, na vifaa vikaelea juu vikimsubiri mwizi. Kuandika saa ndani ya amri hakutoshi: saa ya fuwele (kwatzi) yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika 5 kwa miezi hiyo sita. Kwa hiyo kifaa hutoa namba ya nasibu, na amri hurudi imepigwa muhuri juu ya namba hiyo. Hata ombi la namba liwe na muhuri, maana kutuma hula makumi ya wati, na mkorofi anayekiamsha kifaa kila dakika atakiua kwa njaa.

Basi anataka kila kitu kifichwe. Haiwezekani. Maneno yamefichwa, lakini haidrofoni nne zikilinganisha muda wa sauti kufika zitaonyesha kifaa kilipo. Punguza nguvu, tuma kwa ratiba hata usipokuwa na habari. “Na betri?” Ndiyo, na betri.

Chakula cha mchana, kama kipo.

Alasiri, saa hazihesabiki tena. Pakiti zinapotea na mtu ameshasema “hujuma”. Chora spektrogramu kwanza, picha ya sauti kwa masafa na muda. Milio mifupi iliyotapakaa masafa yote ni kamba wanaofyatua gando. Mvua ya manyunyu huinua kelele karibu na kilohezi 15. Pakiti moja kufika mara mbili ndani ya milisekunde ni mwangwi wa uso wa maji. Kinachotia shaka ni kelele inayokaa kati ya kilohezi 9.4 na 13.6 peke yake, masafa ya JANUS, hasa ikianza kila mara baada ya utangulizi wa pakiti, mlio unaoifungua.

Mara nyingi ni kamba. Rekodi huhifadhiwa hata hivyo, na funguo za kifaa kisichorudi hufutwa jioni hiyohiyo, hata mikono ikiwa imeshakataa kuandika.